Yule Mnayemwita Rafiki Mbaya

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la nyuma katika mkutano wa wazazi na vijana hapa Nakivale. Mwezeshaji alikuwa kijana mzuri, amevaa fulana ya shirika, ana kipaza sauti na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Mada ilikuwa usalama wa vijana kwenye simu. Akauliza: "Kwa nini vijana wetu wanatuma vitu vya hatari?" Tukajibu kwa pamoja kama kwaya: "Marafiki wabaya!" Akayaandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu. Akauliza tena: "Na dawa yake?" Tukasema: "Kuwaepuka!" Tukajipigia makofi, tukapewa soda na mandazi, tukatia sahihi ya kuhudhuria, tukarudi nyumbani.

Mimi pia nilipiga makofi, na soda yangu niliimaliza. Lakini usiku sikulala vizuri. Jibu hilo nililiamini miaka miwili iliyopita, nikalitumia ndani ya nyumba yangu, na karibu linipotezee mtoto. Ndiyo maana naandika. Najua baadhi ya wanaosoma kurasa hizi ni wazee wenzangu, na wengine ni wale wanaotuandalia mikutano. Nawaomba wote mnisikilize mpaka mwisho, hata pale nitakapowauma.

Mimi ni fundi cherehani. Nalea mtoto wa marehemu dada yangu tangu tulipokimbia Fizi. Ananiita mama mdogo. Wakati huo alikuwa na miaka 15, msichana mtulivu, wa kwaya, wa kusoma. Kaka yake anayefanya kazi Mbarara alimletea simu iliyopasuka kioo. Laini iliandikishwa kwa jina langu, kwa karatasi yangu ya ukimbizi, sababu mtoto hawezi kuandikisha laini yake. Basi kila alichofanya kwenye simu ile, kwenye vitabu vya kampuni ya simu nilikifanya mimi. Hilo hakuna aliyeniambia.

Alikuwa na rafiki, jirani yetu, wa miaka 16. Huyo sauti yake ni kubwa, kicheko chake kinasikika mpaka bombani, nywele kazitia rangi. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, kipindi cha uchaguzi, lakini vijana wetu wako ndani kila siku. Wanapitia VPN. Nani aliwafundisha VPN? Si mwalimu, si mchungaji, si mimi. Kwa mtoto wangu, alikuwa huyo jirani. Ni yeye pia aliyemwingiza kwenye grupu la WhatsApp la vijana. Nilipojua, nikamwambia mtoto: "Huyo sitaki kumuona tena hapa kwangu." Nilikuwa nimeshampata rafiki mbaya, hata kalamu nyekundu sikuihitaji.

Grupu lile lilikuwa na vijana zaidi ya 60: wa shule, wa kwaya, wa mpira. Walikuwa na mchezo wao. Mmoja anatoa amri, wengine wanafanya na kutuma picha au video. Asiyefanya anaitwa mshamba. Mwanzoni ilikuwa kucheza ngoma, kuigiza mwalimu, kupanda kichuguu. Kidogo kidogo amri zikabadilika. Na maneno yalikuwa yaleyale kila mara: "Sisi wote tumetuma, umebaki wewe tu." Mtoto wangu baadaye alikuja kujua kwamba si wote waliokuwa wametuma. Wengi walikuwa wanadanganya kwamba wametuma, ili wasiitwe washamba. Kila mmoja aliogopa kundi ambalo halikuwepo.

Ndani ya grupu kulikuwa na kijana mmoja mwenye picha nzuri, aliyesema yuko Kampala. Nani alimwingiza? Hakuna aliyejua. Kila mmoja alidhani mwenzake anamfahamu. Huyo akaanza kuongea na mtoto wangu pembeni, wiki tatu za maneno matamu, mpaka akapata picha ambayo hakupaswa kuipata. Kesho yake asubuhi lugha ikageuka. Shilingi 50,000, la sivyo picha inaenda kwenye grupu na kwa kila mtu anayemjua.

Mtoto akachukua 30,000 kwenye kopo langu la pesa za vitambaa, akazituma. Baada ya siku mbili yule mtu akataka nyingine. Ndivyo wanavyofanya hao: ukilipa mara moja umewaonyesha kwamba unaweza kulipa. Mimi nilipokuta kopo limepungua nilimpiga mwanangu mdogo wa kiume, ambaye hakujua lolote. Dada yake alikaa pale anatazama, hakusema neno. Sasa najua alichokuwa anajifunza siku ile. Alikuwa anajifunza kwamba mama akigundua, kinachofuata ni fimbo.

Siku tisa hakula vizuri. Siku tisa mimi niko pale pale, nashona. Na aliyejua ni mtu mmoja tu: yule mwenye nywele za rangi.

Akaja kwangu jioni, nikiwa kwenye mashini. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anayepima umbali wa kukimbia. Akasema: "Mama, jambo. Niko na kitu ya kukwambia, lakini usikasirike. Na yeye usimupige. Ukimupiga sitasema."

Nikamwambia aseme.

Alikuwa ameshafanya kazi yote ambayo mimi na mashirika yote ya hapa hatukuifanya. Alimwambia mtoto wangu: "Usitume tena hata mia." Alipiga skrinishoti za vitisho vyote, pamoja na namba iliyopokea pesa. Alimwambia admini amtoe yule mtu, halafu akapita kwa wasichana wa grupu mmoja mmoja, kwa siri, akiwauliza kama kuna aliyeombwa pesa. Akawapata wengine wawili. Wasichana watatu, katika mitaa mitatu, kila mmoja akilia peke yake usiku, kila mmoja akiamini yeye ndiye mjinga pekee wa Nakivale.

Na mimi nilifanya nini? Niliichukua ile simu kwa hasira, nikataka kuitupa kwenye makaa. Yule msichana akanishika mkono. "Mama, ushahidi iko mule ndani."

Basi sasa niambieni. Rafiki mbaya ni nani?

Najua mtakachosema. Mtasema ni yeye aliyemwingiza kwenye grupu, ni yeye aliyemfundisha VPN. Kweli kabisa. Sikatai kwamba marafiki wana nguvu. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichukua watu 306 wakawachezesha mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Wale wa miaka 13 hadi 16 walijitia hatarini zaidi sana walipotazamwa na wenzao. Wale wa miaka 24 na kuendelea hawakubadilika sana. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, waliwaonyesha vijana picha kama za Instagram huku wakipima ubongo wao kwa mashine. Picha ileile, ikionekana ina laiki nyingi, vijana nao waliipenda. Na walipotazama picha za mambo ya hatari, kama pombe na sigara, sehemu za ubongo zinazosaidia kujizuia zilipunguza kazi.

Kwa hiyo si ugonjwa wa kambi. Si "batoto ba wakimbizi banaharibika", kama tunavyopenda kulia. Hao walikuwa watoto wa Marekani. Watoto wa wafanyakazi wa mashirika, huko Kampala na Geneva, nao wako hivyohivyo. Umri ule macho ya wenzake yana uzito kuliko macho ya mzazi, na hakuna mkutano wenye soda utakaolibadilisha hilo. Kumwambia mtoto wa miaka 15 aepuke marafiki ni kumwambia asiwe na miaka 15.

Lakini nguvu inayomvuta mtoto kwenye shimo ni ileile inayoweza kumtoa. Mtoto wangu hakunisemea mimi. Hakwenda kwenye sanduku la malalamiko. Hakupiga 116, ingawa namba hiyo ya watoto ni ya bure Uganda nzima na ilibandikwa kwenye mlango wa darasa lao. Alimwambia mwenzake. Kama angenitii siku ile nilipomkataza huyo mwenzake, asingekuwa na wa kumwambia. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Sasa tuje kwetu sisi wakubwa, sababu wahenga walisema nyani haoni kundule.

Yule mtu wa Kampala alipoona pesa haziji, aliituma picha kwa vijana wawili. Wale vijana wawili, ambao mnawaita kizazi kilichopotea, waliombwa na rafiki yao waifute, wakaifuta. Mmoja tu alikuwa ameshamwonyesha kaka yake. Na kutoka kwa kaka, ikafika kwenye grupu la wazazi wa mtaa wetu. Iliwekwa na mzee, mtu wa heshima, mshauri wa familia. Aliandika chini yake: "Wazazi, muone batoto betu. Tuombe." Watu wakajibu kwa mikono ya kuomba. Na huku wanaomba, wanaituma. Kabla ya saa moja kuisha ilikuwa imepita magrupu manne, ya watu wenye ndevu na vitambaa vya kichwani.

Ninyi mliotuma, nani aliwavuta? Si wenzenu? Si kwa sababu kila mtu alikuwa anatuma, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kujua? Huo ni mchezo uleule wa grupu la vijana, tofauti ni kwamba ninyi mliutilia sala. Na mjue hili: Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, ya mwaka 2011, inaadhibu anayesambaza picha za namna hiyo za mtoto. Haisemi "isipokuwa kama nia yake ilikuwa kuonya wazazi".

Na si picha tu. Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, Januari 2025, simu zetu zilijaa fomu. Eti jaza hapa upelekwe Kanada. Eti tuma picha ya karatasi ya familia, namba ya kesi, na pesa kidogo ya kufungua faili. Watu wa miaka 50 walijaza, sababu jirani amejaza, sababu mtu wa kanisani alisema shemeji yake ameitwa. UNHCR wanarudia kila siku kwamba huduma zao ni za bure na hakuna kesi inayouzwa. Tukaliacha tangazo, tukamfuata jirani. Mzee aliyetoa siri za watoto wake wote kwa mtu asiyemjua hatukumwita kwenye mkutano kumwambia aepuke marafiki wabaya. Tulimwonea huruma. Kwa nini huruma hiyo haimfikii mtoto?

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, msicheke upande wenu. Siku ile ya soda, kabla mwezeshaji hajatuambia kwamba picha ya mtoto ikishaingia mtandaoni haitoki, mpiga picha wenu alikuwa ameshapita benchi kwa benchi. Watoto wetu wako kwenye kurasa zenu wameshika sahani, wameshika madaftari, wengine na majina na kanda wanayoishi. Karatasi ya kukubali tulitia sahihi pamoja na karatasi ya kuhudhuria, na wengi wetu hatukujua tofauti. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na inataka ruhusa ya mzazi kabla ya kuchukua habari za mtoto. Ruhusa ni mtu kuelewa. Kidole kilichochovywa wino huku foleni inasukuma hakijaelewa kitu. Mtoto anayeona picha yake imetumwa na wakubwa bila kuulizwa atajifunza wapi kwamba picha yake ni mali yake?

Tena, mtoto akitaka kusema, anasema wapi? Nilienda na mtoto wangu kwenye ofisi moja. Tuliulizwa mlangoni, mbele ya watu waliopanga foleni: "Shida yenu ni nini?" Nilijibu kwamba tumekuja kuuliza habari ya shule, tukarudi. Siku nyingine ndipo mama mmoja wa hapohapo alituita pembeni akatusikiliza vizuri, akatusindikiza mpaka polisi. Namshukuru. Lakini msaada usitegemee bahati ya kumkuta mtu mwema zamu yake.

Sasa nataka nini? Nataka mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

Kwa wazazi: siku ya kusema isiwe siku ya fimbo. Mtoto akija na neno zito, hata kama ameiba, hata kama amejiaibisha, siku hiyo sikiliza tu. Adhabu, kama ipo, itangoja. Usivunje simu, usifute chochote. Pesa isitumwe tena. Yule mtu asijibiwe tena. Weka skrinishoti za vitisho na za namba yake. Halafu usimtenge mtoto na rafiki aliyemleta kwako. Mtengenezee rafiki huyo chai.

Kwa wote wenye magrupu: picha ya mtoto ikiingia, futa, na mwambie aliyeituma afute. Usiitume hata kwa mke wako, hata kwa mchungaji, hata kwa nia njema. Iko pia huduma ya bure inayoitwa Take It Down, ya watu ambao picha zao zilipigwa kabla hawajafika miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako. Kinachotumwa ni alama yake tu, kama alama ya kidole, na kampuni kama Facebook, Instagram na TikTok zinaitumia kuizuia isipandishwe kwao. Haifiki ndani ya WhatsApp, sababu ujumbe wa mule umefungwa kwa siri. Kwa hiyo ndani ya WhatsApp hakuna mashine ya kumlinda mtoto. Kuna kidole chako tu.

Kwa mashirika: hiyo kalamu nyekundu iwekeni chini. Tafuteni wale wasichana wenye sauti kubwa, wale ambao kila mtoto wa mtaa anawafuata, wafundisheni wao kwanza, na wapeni insentivu kama mnavyowapa wengine. Vijana tayari wanamkimbilia mwenzao. Mhakikishe huyo mwenzao anajua la kufanya na ana mtu mkubwa mmoja wa kumpigia. Tengeni chumba chenye mlango, siku moja kwa wiki, mtu aingie bila kuulizwa shida yake mbele ya foleni. Na picha za watoto wetu zilizo kwenye kurasa zenu, zipitieni upya, moja moja, pamoja na sisi.

Na kwenu vijana, neno fupi, sababu mmehubiriwa vya kutosha. Mtu mpya akiingia kwenye grupu, mmoja wenu aulize kwa sauti: "Huyu nani anamjua kwa uso?" Mkikaa kimya wote, mtoeni. Na mtu akisema "wote tumetuma", mjue huenda anadanganya kama mlivyodanganya ninyi. Mwenzako akikuletea siri nzito usiibebe peke yako, hata kama ameapisha. Yule jirani yetu aliapishwa. Alivunja kiapo akaja kwangu, na mpaka leo mtoto wangu anamshukuru kwa kukivunja.

Mtoto wangu sasa ana miaka 17. Pesa zangu hazikurudi, na yule mtu wa Kampala hakupatikana. Kuna njia moja ya kwenda sokoni ambayo mtoto bado haipiti, sababu pale wanakaa watu waliokuwa kwenye yale magrupu manne. Anaimba kwaya tena. Jioni wanakaa wawili karibu na mashini yangu, yeye na mwenye nywele za rangi, wanacheka mpaka bombani, na mimi siwanyamazishi.

Nimeambiwa kutakuwa na mkutano mwingine, na mshauri wa wazazi atakayezungumza ni yule mzee aliyeandika "tuombe". Yule msichana hajaalikwa. Nitakuja naye, nitamkalisha benchi la mbele, na mwezeshaji akiuliza tena kwa nini vijana wetu wako hatarini, nitaomba kipaza sauti nimpe yeye.